Mashua ya Meneja

Nilipoolewa nilihamia kambi ya mkonge karibu na Kilosa. Mume wangu alikata mkonge, mimi nilianika juani singa zake, nyuzi zinazosokotwa kamba. Meneja wetu, Mwingereza, alikuwa na mashua ya tanga kwenye bwawa la shamba. Kila Jumapili aliizungusha humo: anafika ukingoni, anageuza, anarudi alikotoka.

Siku moja redio yake ilisema kimbunga kimepiga pwani na kinaelekea bara. Mnyapara akatutoa kazini sote. Tukaivuta mashua nchi kavu, tukashusha mlingoti, tukavua tanga, tukapakia magunia ya mchanga ndani ili upepo usiibebe. Kisha tukaifunga kwenye vigingi kwa kamba mpya za mkonge. Tulizilegeza kidogo, maana mkonge ukilowa hujikaza, na mbao zingepasuka.

Mume wangu akaomba kipande cha kamba akafungie paa letu la nyasi. Mnyapara akamwambia kamba ni mali ya shamba, na akichukua hata ya kufungia mbuzi atalala jela. Singa nilizianika mimi. Tukafunga paa kwa kamba za migomba, kama kambi nzima.

Upepo ulivuma mpaka alfajiri. Mashua haikusogea. Mapaa yetu tuliyakuta yakielea bwawani.

Meneja alikuja, akaipapasa mashua yake, akaridhika. Halafu akaagiza tuingie majini tuziopoe nyasi zetu upesi, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili.