Zamu ya Paka wa Mzee Kurunzi

Mtaani walimwita Mzee Kurunzi, kwa sababu tangu aanze kulinda ghala la mbao hakuna aliyemwona bila kurunzi mkononi. Jua likizama anatoka, likichomoza anarudi, anajitupa kitandani, na paka wawili wa mkewe, ndugu wa tumbo moja, wanajikunja miguuni pake. Ndivyo walivyoishi, mke mchana, mume usiku, wakipokezana mlango na salamu.

Basi mke akafariki, mzee naye akastaafishwa. Binti yao, mshonaji wa sare kiwandani, akahamia kwa baba asibaki mpweke. Hapo balaa likaanza. Taa ikizimwa tu, paka wanakurupuka: mbio juu ya kabati, sufuria chini, pazia linaparurwa. Mzee anaamka, anawapa samaki wanyamaze. Usiku unaofuata wanazidisha.

Siku moja binti alirudi mapema, kidole kimefungwa bendeji. Alisinzia kazini, sindano ya cherehani ikampitia.

"Baba, msimamizi kasema nikisinzia tena nisirudi. Hao paka mwezi ukiisha waondoke."

"Ni wa mama yako hao, mwanangu."

"Najua ni wa mama. Na mimi je, ni wa nani?"

Mzee alichukua kikapu, akaenda kwa jirani muuza mkaa, shoga wa marehemu, kumsimulia fujo za usiku na samaki, na kumwomba awapokee.

"Kwani shemeji, huwachoshi kwanza?" mama yule akashangaa.

"Kuwachosha vipi?"

"Yaani hujui? Mwenzio alikuwa kila jioni, ukishatoa mguu tu, anachukua utepe wake, anawakimbiza nao chumba kizima mpaka wanahema. Ndipo anawalisha, wanajilamba, wanalala fofofo. Wewe mchana kutwa unalala nao kama wachanga, usiku wakifanya fujo unawapa samaki. Mlinzi gani anayemhonga mwizi?"

Mama yule alicheka peke yake. Mzee alikuwa akiwaza kwamba katika ndoa yake yote hakuwahi kuiona jioni ya nyumba yake.

Utepe aliukuta nyuma ya mlango wa jikoni, ncha imetafunwa. Siku zote alidhani ni tambara, akifutia kurunzi. Aliufua, akauanika.

Usingizi wa mchana akauacha. Paka wakijikunja, anawaamsha. Jioni anauburuta utepe sakafuni, magoti yakilia, kisha anawapa chakula. Mwanzoni walilia usiku vilevile. Mzee alijifunika shuka hadi kichwani, asiamke, ingawa roho ilimuuma. Wakapunguza kidogo kidogo, na kabla mwezi haujaisha nyumba ikatulia.

"Umelalaje, baba?" binti aliuliza asubuhi, macho yake maangavu.

"Vizuri, mwanangu."

Hakuwa amelala. Zile sufuria zilipokuwa zikianguka, kabla hajazinduka sawasawa, alikuwa akidhani mkewe yuko jikoni. Sasa jikoni kimya.

Jioni ile aliinama kuuchukua utepe, binti akamtangulia.

"Leo nipishe, baba. Kaa tu."

Akakaa. Binti akakimbia toka ukuta hadi ukuta, paka nyuma yake, akicheka kwa sauti ambayo mzee aliijua, ya mama yake. Kurunzi ilikuwa mapajani, imezimwa. Aliwatazama hadi giza likaingia, wala hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.