Kilatini cha Mgodini

Kaka yangu aliuawa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemgusa kwa ubaya. Wa kwanza ni daktari wa mgodi, Mzungu. Wa pili ni dresa wake, yaani msaidizi wake wa kutibu, Mwafrika mwenzetu. Wa tatu ni padri, na huyo kila nikimtaja watu hunikataza, eti mtumishi wa Mungu hasemwi. Mimi namsema. Majina yao wote ninayo, siyaandiki kwa sababu wana ndugu na watoto ambao hawakunikosea kitu. Lakini aliyefanya kazi katika mgodi ule wa upande wa Geita, miaka ile vita ya pili ya Mjerumani ilipokwisha, atawajua kwa kazi zao.

Sisi kwetu ni upande wa Shinyanga. Ukame ulitumalizia ng'ombe, tukafuata dhahabu kama wengine. Kaka alikuwa na mabega, akapewa mashine ya kutoboa mwamba. Mimi nilikuwa mwembamba, nikapewa kusukuma vigari vya mawe. Wembamba wangu ndio ulioniokoa, si akili. Mashine zile zilitoboa mwamba mkavu, bila tone la maji, na vumbi lake lilikuwa jeupe na laini kama unga wa muhogo. Watu wa mashine walipotoka shimoni walikuwa weupe mpaka kope. Tuliwaamkia, "Gudimoning bwana," wakacheka, wakakohoa, wakacheka tena.

Sasa habari ya Kilatini. Mimi nilisoma misheni miaka miwili tu, nikajua kuandika na kuhesabu, basi. Kaka hakusoma zaidi yangu, lakini tangu utoto, kwetu na hata mgodini, alikuwa akiwatumikia mapadri altareni. Misa yote ya Kilatini alikuwa nayo kichwani. Padri akisema lake, kaka alijibu haraka na sawasawa, na maana yake hakuijua, wala hakuna aliyeijua katika sisi. Tuliambiwa ndiyo lugha ya kanisa, na sisi tukaongeza la kwetu: kwamba ndiyo lugha ya Mungu mwenyewe, na kwa hiyo mtu hawezi kuitumia kusema uongo. Hilo hatukufundishwa na padri. Tulilitunga wenyewe. Lakini padri wetu wa mgodini alijua kwamba tunaamini hivyo, na hakutusahihisha, kwa kuwa lilimfaa.

Ukienda hospitali ya mgodi, unakuta dresa anaongea Kilatini. Lo, kaka alivyofurahi! Dresa alikuwa na kifimbo, akikugonga goti anasema, "Patela." Akishuka kwenye muundi, "Tibia." Bega, "Klavikula." Majina hayo aliyajifunza katika kozi ya serikali na aliyatangaza kama mnadi. Wagonjwa walisimama mstari wakigongwa na kutajiwa, na aliyetajiwa mifupa mingi alirudi kambini akijiona ametibiwa vizuri. Wanaocheka nawaambia wasicheke. Ukiwa na maumivu na mtu akalijua jina la mahali panapouma, unaona nusu ya kazi imekwisha.

Jumapili moja kaka alimwuliza padri maana ya maneno yale. Padri alikuwa mzee mwenye ndevu, Mzungu aliyejua Kisukuma kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Alifurahi kupita kiasi, akaketi nje ya kanisa akamweleza. Patela ni kisahani. Tibia ni filimbi, kwa sababu watu wa kale wa Roma walichonga filimbi kwenye mifupa ya miguu. Klavikula ni kiufunguo. Na msuli wa mkono wao waliuita kipanya, kwa vile unavyokimbia chini ya ngozi. Kaka alirudi akimkunjia mke wake mkono, "Tazama kipanya hiki, mama watoto, mshike!" Shemeji akamshika. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka nyumbani kwao, maana kikohozi kilikuwa kimekwisha kuanza.

Kikohozi kikavu, bila makohozi. Akapungua mabega. Shemeji akamwambia, "Turudi Shinyanga. Kule yupo mfumu wa baba yangu, akutazame kifua." Kaka akamjibu kwamba yeye ni mtu wa altare, haendi kwa waganga wa kienyeji. Lakini alimwahidi jambo moja mbele yangu: "Nitakwenda kwa daktari. Akisema kifua ni kibaya, siku hiyo hiyo naiacha mashine, tunarudi kulima pamba." Alikuwa mtu wa ahadi. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye mdomo wa daktari.

Nilikwenda naye mimi, na nyuma yetu mstarini alisimama Mngoni mmoja wa mashine, mtani wetu. Sisi na Wangoni tunataniana tangu mababu, na huyo alikuwa hafungi mdomo. "Msukuma, daktari akikuta ng'ombe humo kifuani, atakutoza kodi." Daktari akamwekea kaka chombo chake cha kusikilizia, mbele, nyuma. Akamgeukia dresa akasema neno moja: silikosisi. Akasema na mengine ya Kiingereza, kwa sauti ya chini. Dresa akaitikia kwa kichwa.

"Bwana dresa, daktari anasemaje?" kaka akauliza.

"Ni Kilatini. Maana yake baridi ya kifua. Shimoni mna baridi. Utapewa dawa ya kunywa, kesho unashuka."

"Si kibaya?"

"Ningekwambia ushuke kama ni kibaya?"

Kaka akatoka na chupa yake, uso umemtulia kama mtu aliyetoka kuungama. Njiani nikamwambia, "Mwulize na padri, kama ulivyouliza yale mengine." Akasema, "Nimwulize nini tena, na maana nimekwisha kupewa? Umesikia ni Kilatini." Ya kisahani na filimbi aliyatembea maili nyingi kwenda kuyauliza. Hilo moja lenye uhai wake hakuliuliza.

Akashuka kesho yake, na masika yote, na kiangazi. Alipoacha mashine hakuiacha yeye, ilimwangusha. Siku za mwisho alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi haikuingia. Akafa akiwa mkavu kama ukuni.

Tulimzika kwenye makaburi ya kambi, na padri alikuja mwenyewe. Kwa desturi yetu mtani haji msibani kulia. Anakuja kuwachokoza wafiwa na kumchokoza maiti, na huruhusiwi kukasirika. Padri alipomaliza sala zake, yule Mngoni akaruka mbele. Alikuwa amevaa shuka jeupe kama koti la daktari, na mkononi ana kikombe cha bati. Akapiga magoti kando ya maiti iliyofungwa sanda, akaweka kikombe kifuani, akatega sikio.

"Pumua! Aa, huyu Msukuma mkaidi, anakataa kupumua!" Watu wakaanza kucheka. Shemeji mwenyewe akajificha uso kwenye kanga, mabega yanamtikisika. Mngoni akainuka, akavuta mdomo kama Mzungu, akamwambia dresa wa kuwaziwa: "Silikosisi! Mpe chupa! Kesho anashuka!" Akalisema sawasawa kabisa, kama alivyolisema daktari. Kicheko kikazidi.

Padri hakucheka. Alisema, "Neno hilo umelitoa wapi?"

"Kwa daktari, Padri. Ndilo alilomwambia marehemu. Ni Kilatini cha baridi."

"Siyo baridi." Yule mzee alikuwa amebadilika rangi, nadhani lilimtoka kabla hajafikiri. "Limetoka kwenye sileksi, na sileksi ni jiwe. Lile jiwe gumu la kuwashia moto. Ni ugonjwa wa vumbi la jiwe ndani ya mapafu."

"Unapona?"

"Hauponi. Mtu huondoka kwenye vumbi mapema, ndipo huishi kidogo."

Mngoni alikuwa bado ameshika kikombe chake. Akasema polepole, "Padri, na mimi aliniambia hivyo hivyo. Siku ile ile. Nilikuwa nyuma yake."

Hakuna aliyecheka tena. Tukamteremsha kaburini, tukafukia.

Kwa hiyo daktari alijua. Hakukisia, hakukosea. Alilitaja jiwe kwa jina lake mbele ya mtu mwenye jiwe kifuani, kwa lugha ambayo mtu yule aliiheshimu kuliko zote, kisha akanawa mikono. Nilimfuata dresa nyumbani kwake, nikamwuliza kama alijua. Hakukana. "Nilisema nililoagizwa niseme. Mkiondoka ninyi wa mashine, nani atatoboa? Na mimi nina watoto." Nikamwambia kaka naye alikuwa nao. Akafunga mlango.

Na padri? Huyo mimi na Mngoni tulimwendea tukamwamkia kwa heshima, tukamwomba jambo dogo: Jumapili, kanisa likiwa limejaa watu wa mashine, awaambie maana ya neno lile kama alivyotuambia makaburini. Dakika moja tu. Akatazama juu, kwenye bati. Bati la kanisa lilitoka mgodini, zawadi, na mbao vilevile. Akasema, "Wanangu, mambo ya mgodi yana wenyewe. Mimi nitawaombea." Angekuwa mjinga kama sisi nisingemweka humu. Ni kwa sababu alijua.

Jumapili tulikwenda. Padri akahubiri juu ya uvumilivu. Alipotugeukia kututakia amani, Mngoni akasimama katikati ya watu, akasema kwa sauti kubwa, "Padri, waambie lile neno!" Padri akaendelea kwa Kilatini, na kanisa zima likamjibu kwa Kilatini, kwa sauti moja, vizuri mno.

Nje, Mngoni aliwashika watu wa mashine mmoja mmoja. Hakutania. "Ni mawe, ndugu yangu. Tuna mawe humu. Ondokeni." Mimi nikalirudia kwa Kisukuma kwa wale wa kwetu. Wanyapara wakaja kututimua, na jioni ile tuliambiwa tusionekane tena kambini. Mimi nilimpandisha shemeji na watoto kwenye lori la Shinyanga. Mngoni akashika njia ya Songea, anapumzika kila baada ya hatua chache, na sikupata kusikia kama alifika.

Waliotusikiliza walikuwa wachache. Mmoja wa wale wengine, kijana mwenye mabega aliyerithi mashine ya kaka, alinitazama kwa kunionea huruma. "Pole kwa msiba, kaka," akaniambia. "Lakini kama ingekuwa kweli, padri angesema." Jumatatu akashuka.