Jiko Lisiloegemea Ukuta

Mwanangu, kuna asubuhi moja kijijini Ngao, kando ya mto, ambayo hunirudia kila nikisikia harufu ya kuni mbichi zikifuka. Mafuriko yalikuwa yamekwisha, mto umerudi mahali pake, na mimi nimesimama sebuleni kwa shangazi yangu Habona, bibi yako mzaa baba, nikiwa na nyundo na patasi, tayari kutoboa ukuta wake. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameuegemea ukuta uleule nilioutaka, na hakuwa na nia ya kusogea.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya jiko la matofali la kupasha nyumba joto. Ukasema jiko la bibi limechakaa, utalibomoa na kujenga jipya kwa mikono yako, na unaanza Jumamosi. Nilikurudishia simu tu. Labda ulidhani nimefurahi.

Wakati ule nilikuwa kijana, mguu wangu haujatulia, na kusema kweli hata leo haujatulia. Nilikuwa nimetoka Molo, nilikokuwa kibarua wa shambani. Kule baridi inauma masikio, na katika nyumba moja ya zamani palikuwa na jiko kubwa la matofali. Kuni kidogo zinawaka kwa nguvu, moshi unazungushwa ndani ya matofali kabla ya kutoka juu, moto unakufa, na matofali yanabaki na joto mpaka kesho yake. Nililipenda jiko lile kama mtu anavyompenda mtu. Nimeacha vitu vingi njiani, lakini hilo nilirudi nalo kichwani.

Niliposhuka Garsen na kueleza ninachokwenda kujenga, mama muuza chai pale stendi aliniangalia juu hadi chini.

"Jua hili halikutoshi? Ukimaliza kuipasha nyumba, utaupasha na mto?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini wewe unaijua nyumba ile. Maji yakiingia na kutoka, zile kuta nene za udongo hubaki zimelowa ndani kwa ndani, na jua la nje halizifikii. Ndiyo maana kwetu nyumba iliyoingiwa na maji hairudiwi kabla ya kuwashiwa moto katikati ya sakafu. Bibi yako alifanya hivyo kila baada ya mafuriko, kwa mafiga, na moshi wote ukaishia kifuani mwake. Mwaka ule kifua kilikuwa kimembana vibaya. Baba yako, Buya, alikuwa Malindi, naye alikuwa amekwisha sema: nyumba isipokauka kabla ya ule upepo wa baridi wa katikati ya mwaka, atakuja kumchukua mama yake. Na sote tulijua kwamba nyumba isiyo na mtu pale mtoni haidumu.

Basi nikamwambia, "Sogea kidogo, Shangazi."

"Nisogee niende wapi? Malindi?"

"Nataka kupitisha bomba la moshi hapo."

"Nani kakutuma? Si Buya huyo? Utoboe ukuta, kesho aje aseme, mama, nyumba imeshaharibika, panda gari."

Nilichukia. Nimesafiri toka Molo kwa ajili yake, halafu ananiita kibaraka! Lakini shaka ni kama upupu, ikimgusa mmoja inamhamia aliye karibu. Nikakumbuka nilivyozungumza na baba yako kwa simu. Alikuwa amesema, "Jenga, jenga, jaribu tu," na akacheka. Kile kicheko sikukipenda tena. Je, alitaka niharibu?

"Hakunituma mtu," nikasema.

"Haya. Nichoree hilo jiko lako hapa chini nilione."

Nikachora kwa patasi kwenye vumbi la sakafu. Jiko limebanwa na ukuta, limefungwa nao kwa udongo, bomba limetoboa ukuta kwenda nje. Aliangalia kwa muda mrefu, kama anayekagua ng'ombe wa mtu asiyemjua.

"Ule mlango unauona?" akauliza. "Masika haufungi mpaka niupige teke. Kiangazi, kuku anapita chini yake. Kwa nini?"

"Udongo wetu mweusi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka."

"Kumbe unajua. Basi ukuta huu nao unakwenda na kurudi, na wewe umelifunga jiko shingoni mwake. Ukuta ukienda, jiko litafanya nini?"

"Litapasuka."

"Na moshi?"

Akaweka kidole cha mguu juu ya mchoro, pale juu ya bomba.

"Na hiki?"

"Kifuniko. Moto ukibaki makaa unaziba bomba, ili joto lisitoroke."

"Na hewa ya makaa ikitaka kutoka?" Alinitazama machoni sasa. "Kijiji hiki tumezika mtu na mkewe waliolala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa. Tuliwakuta kama watu waliolala tu. Lile jiko lao angalau lilibebeka, mtu angeweza kulitoa nje. Wewe unataka kunijengea kubwa zaidi, tena lisilobebeka!"

"Shangazi, unanishuku sana."

"Nakushuku, ndiyo. Naushuku moshi, naushuku ukuta, na wewe nakushuku. Mguu wako hauna kwao. Jiko likipasuka mwezi wa saba, wewe utakuwa wapi? Mimi nitakuwa hapa, nimelala."

Mwanangu, neno hilo lilinikalisha chini. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa mtu atakayelala karibu na kitu hicho wakati mimi niko barabarani.

Akanipa amri. Nilipange jiko kwanza uani, matofali makavu bila udongo, niliwashe, naye akae mbele yake. Nikapanga. Nilipowasha, moshi ulipanda kidogo, ukaghairi, ukatokea mdomoni mwa jiko na kumfuata pale kigodani. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, halafu akaanza kucheka.

"Afadhali lingekuwa sebuleni, eh? Buya angenikuta nimekaushwa kama samaki!"

Njia ya moshi ilikuwa nyembamba mno na ina kona nyingi. Nikapangua, nikapanua, nikapunguza kona, nikarefusha bomba. Kila jipya nililofanya alilijaribu yeye, akiguguna jani la tumbaku na kuutazama ule moshi kama mtu anayedai jibu. Alipoona unapanda bila kugeuka nyuma, ndipo aliposogeza kigoda.

Sebuleni nilichimba sakafu mpaka nikapata udongo mgumu usiocheza, nikalipa jiko msingi wake peke yake. Kati yake na ukuta niliacha nafasi ya kupitisha mkono. Ukuta haukutobolewa. Bomba lilipita juu, kwenye tundu la bati la paa, tundu pana kuliko bomba lenyewe, na kifuniko hakikuwekwa. Joto lililopotea likapotea. Kisha akanizuia nisiondoke mpaka jiko likauke polepole kwa vijimoto vidogo, na mpaka nimfundishe jirani kusafisha masizi.

Baba yako alikuja ulipoanza ule upepo, amekodi gari kabisa. Aliingia, akapapasa ukuta, akaukuta mkavu. Akapapasa na jiko. Alikaa sakafuni, akaliegemea lile tofali lenye joto, na kwa uchovu wa safari akapitiwa na usingizi huku dereva anapiga honi nje. Bibi yako alitoka akamwambia dereva, "Nenda tu, baba. Mgeni wako amefika nyumbani."

Mafuriko yaliyofuata yalipasua ukuta ule pembeni, kama kawaida yake. Jiko halikuguswa. Bibi yako alilala karibu nalo mpaka Mungu alipomwita, ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo, mwanangu, Jumamosi usibomoe kitu. Lipange jiko lako uani kwanza, kavu, na umweke mbele yake mama yako, maana ndiye anayekaa nyumba ile sasa, na ndiye atakayelala hapo utakaporudi mjini. Akikuuliza maswali usinune. Anayekushuku kabla ya moto kuwashwa anakupenda kuliko anayekusifia picha ya kwenye simu. Lipe miguu yake lenyewe, usilifunge na ukuta, na usiuzibe moshi njia yake kwa tamaa ya joto kidogo. Na kama hujui nani atasafisha masizi ukishaondoka, basi hujamaliza kupanga.

Mungu akupe mkono mtulivu kuliko mguu wangu, na kila atakayelala karibu na kazi yako aamke salama.