Siku niliyosema dola hutengenezwa nyumbani

Jamani, hii aibu nawasimulia kwa sababu ilipita salama, vinginevyo ningekufa nayo kifuani.

Nilikwenda Mpui kupeleka posa kwa kina Skola, mimi na mshenga wangu Mzee Kasiano, na mnajua mambo ya posa, anayeoa hana mdomo, mshenga ndiye msemaji, wewe kazi yako ni shikamoo na kutazama vidole vya miguu. "Mwanangu, leo wewe ni bubu," Mzee Kasiano alinikumbusha mlangoni kabisa. Nikaitika.

Basi ningetulia. Wapi! Baba mkubwa wa Skola (ndiye aliyemlea, neno lake ndilo la mwisho) akaona kitabu kinachungulia kwenye begi langu, akauliza ni cha nini. Mzee Kasiano anajikohoza ajibu, mimi nishadakia, nikasema ni cha Mgiriki mmoja wa kale, kinaeleza habari za dola. Baba mkubwa akakaza macho. Na mimi mwalimu wa uraia, nikipata mtu wa kunisikiliza nasahau hata kilichonipeleka (kumbe hanisikilizi, ananichunguza).

"Dola hutengenezwa nyumbani, baba. Mnaanza mume na mke, majirani wanaongezeka, mwisho ni kijiji kizima."

Sasa mimi ningejuaje kwamba mzee huyu aliwahi kuuza mahindi Kasesya, kule mpakani, akalipwa dola za bandia?

"Kwa hiyo mnatengeneza na mke," akasema polepole, "na huyo mke ndiye umemfuata hapa."

Nikadhani ananielewa, nikaongeza kwamba dola ikiwa mbovu wananchi wana haki ya kuibadilisha.

"Wanaibadilishia wapi?"

Hapo Mzee Kasiano akasogeza kiti mbali nami. Baba mkubwa akachukua kitabu, akakigeuza juu chini, akakikung'uta, hakikudondoka kitu, akazidi kukasirika. Akainuka kwenda mlangoni. "Posa hakuna. Naita vyombo vya dola."

Skola alikuwa anaingia na maji ya kunawa, na wote tunajua binti anayeposwa haingilii maneno ya wakubwa, lakini siku hiyo aliingilia.

"Baba, hivyo vyombo unavyoita ni vya hela?"

"Hela gani? Vya serikali."

"Basi ndiyo hiyo dola anayoisoma."

Mzee akasimama pale pale, akatutazama, akarudi kukaa, akaanza kucheka mpaka akafuta machozi. Posa ikapokelewa, tukala ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Skola sasa ni mke wangu, na nikikumbuka kwamba nilibakiza kidogo nimkose kwa neno moja, hata leo napumua kwa nguvu. Darasani nalitumia, nitafanyaje, ndiyo somo lenyewe. Ukweni nasema serikali, na nikiulizwa swali la pili nasema sijui.