Donda la Nalangu

Asubuhi ile nilikuwa nimechuchumaa uani, namwosha Nalangu mguu kwa maji ya mwarobaini, naye ananung'unika kwamba mkono wangu ni mzito kama wa mtu anayesugua sufuria. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Donda lilikuwa juu kidogo ya kifundo, donda la siku nyingi, la kufunga na kufumuka. Hospitali walikuwa wamelisafisha, likafunga, likarudi. Ndipo baba yake, mfugaji aliyeitwa Saitoti, akamleta kwangu Mlali. Alisema tu, "Mama daktari, kaa naye."

Mimi si daktari, lakini kwa Saitoti yeyote aliyejua kufunga kidonda alikuwa daktari, na sikuona sababu ya kumbishia. Nilizaliwa Mpwapwa, kwa Waislamu wa mjini, na tiba niliirithi kwa baba yangu: mitishamba, asali, kuumika kwa pembe. Alinifundisha kwamba mwili una joto na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni kimoja kukizidi kingine. Kazi ya tabibu ni kurudisha mizani. Tena mgonjwa asinywe dawa na kinyongo moyoni, kwanza akiseme. Wengi walinicheka kwa hilo la kinyongo. Niliwaacha wacheke, maana wakishamaliza kucheka walikisema.

Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo jirani yangu Chibago, mkulima, tumbo likimsumbua. Kinyongo chake hakikuwa cha kuuliza. Saitoti aliingia na kibuyu cha samli, wakasalimiana.

"Tumbo bado, Chibago?"

"Litapona vipi, na ng'ombe wako wananimalizia shamba?"

"Ng'ombe hajui shamba la mtu. Wewe weka miiba."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilikuwa cha kweli. Hilo nalishuhudia, kwa sababu watu siku hizi husimulia kana kwamba tulizaliwa tukichukiana.

Chibago alichukua dawa yake akaenda zake. Saitoti alibaki na mwanawe mpaka jua likawa kali, kisha akaniaga kwa desturi yao: alichuma nyasi pembeni mwa ua akanishikisha mkononi. Ng'ombe huishi kwa nyasi, na mtu huishi kwa ng'ombe. Kwa hiyo kwao, anayekujia na nyasi mkononi anakuambia amekuja kwa amani, hata kama jana mlikuwa mnagombana.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakifika mpaka mashambani kununua mahindi, na kila aliyeweza kukata kichaka alikata. Hata mimi nilifurahi. Wagonjwa walianza kuja wamevaa viatu. Lakini mashamba yalisogea mbugani mwaka hadi mwaka, hadi njia ya mifugo kwenda majini ikabaki uchochoro. Kiangazi kile visima vya mchanga wa korongo vilikauka, vikabaki viwili. Wakulima walisema ni vyao. Wafugaji nao walisema ni vyao, na kila upande ulikuwa na babu wa kumtaja kuwa shahidi.

Kwanza walipigana kwa fimbo kisimani. Kijana mmoja wa wakulima alipasuliwa kichwa, akafa njiani akipelekwa hospitali. Usiku wake boma moja la wafugaji lilichomwa, na ndani kulikuwa na bibi kizee ambaye hakuweza kutoka. Tangu hapo sikusikia tena mtu akisema "ugomvi". Walisema "vita".

Wafugaji wakaja kulipiza. Walibeba vienge vya nyasi kavu vikiwaka moto, wakapita ghala kwa ghala. Niliona mahindi ya mwaka mzima yakiungua, ya Chibago yakiwemo. Harufu yake ni kama ya bisi, na ndiyo sababu hadi leo siwezi kukaa karibu na mtu anayekaanga bisi.

Basi la Mpwapwa liliacha kuja. Soko likafa. Wanaume walilala nje na pinde zao.

Na mimi nilikuwa na Nalangu chumbani.

Kila mtu alijua. Chibago alikuja mlangoni, macho mekundu kwa moshi. "Bi Zuhura, mtoto huyu atatuletea balaa. Mtoe."

"Nimtoe aende wapi, na mguu ule?"

"Akae kwao."

"Kwao si mmepachoma moto?"

Chibago hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi kuyabeba. Akasema hatamgusa mtoto, ila hawezi kuwasemea wenzake. Nikafunga mlango. Nilimlaza Nalangu nyuma ya magunia ya mizizi, nikamwambia asikohoe. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Saitoti alikuja mchana, jua la saa saba, peke yake.

Nilimwona kupitia dirishani, akiwa bado mbali kwenye uwanda mtupu. Hakuwa na mkuki wala sime. Alikuwa ameinua mkono juu kabisa ili watu wauone, na mkononi alikuwa ameshika nyasi.

Zilikuwa kavu. Jua lilikuwa limemaliza kila kibichi kuanzia Mlali hadi milimani. Angezipata wapi mbichi? Alichukua zilizokuwepo, fungu zima, ili zionekane.

Nilielewa. Na papo hapo nikaelewa wenzangu wanaona nini.

"Kienge!" mtu akapiga kelele. "Anakuja kuchoma!"

Nilitoka mbio nikipaza sauti. "Ni amani! Kwao ni amani! Mwacheni!" Sijui kama maneno yalitoka sawasawa. Wanawake walikuwa wakipiga yowe, mbwa wakibweka, na mimi nilikuwa mama mnene anayekimbia na kanga moja.

Saitoti alituona. Hakukimbia. Akaziinua nyasi juu zaidi.

Mishale ilikuwa mingi. Sikuona ya nani.

Nilipomfikia alikuwa amekaa, kama mtu aliyechoka safari. Mmoja ulikuwa umeingia chini ya mbavu. Nilivua kanga nikaikandamiza pale, nikaita waniletee maji, wanitafutie gari. Hakuna aliyetikisika. Sumu ya mshale naijua kidogo; najua pia mahali ambapo pembe ya kuumika haifiki. Ujuzi wangu wote huo, na nilichokuwa nacho ni viganja viwili.

"Mtoto?" akauliza.

"Yupo. Mzima."

"Anatembea?"

"Anatembea."

Alikuwa bado anachechemea, lakini sikuweza kumpa mtu yule jibu jingine. Alikufa akiwa ameniegemea begani. Wanaume walikuja mmoja mmoja wakasimama. Chibago aliokota zile nyasi, akazigeuzageuza, akatafuta kiberiti kwenye shuka la maiti. Hakukuwa na kiberiti. Nikawaambia maana ya nyasi, taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa. Mmoja alitupa upinde wake nyuma ya ghala lililoungua.

Njia hazikupitika, kwa hiyo tulimzika nyuma ya nyumba yangu. Chibago alichimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho, akakataa kupokewa jembe.

Siku chache baadaye askari walifika na magari, wazee wa pande zote wakaketishwa, dume likachinjwa, ikanenwa kwamba yamekwisha. Chibago alianza kuja kwangu kuomba dawa ya usingizi. Nikamwambia aseme kinyongo kwanza. Akasema, "Sina kinyongo na mtu, Bi Zuhura. Laiti ningekuwa nacho." Nilimpa dawa. Haikumsaidia. La kuvunda halina ubani.

Sasa niko mjini, Kizota, jirani na mafundi wa magari, na nina kibao mlangoni. Vijana wa maofisini huja kuniuliza namna ya kusafisha mwili na kuanza upya. Nawajibu vizuri: maji, mlenda, usingizi, asali, hasira waziseme. Ninaamini bado. Lakini wakiniuliza kama kila kitu hurudi kwenye mizani yake, ninajishughulisha na kutafuta mfuniko wa chupa.

Kwa sababu kuna Nalangu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kuhusu kifo cha baba yake. Hakulia. Alikula, alilala, alininyooshea mguu kila asubuhi bila kunung'unika, na ukimya ule ulinitisha. Donda lilikuwa limeanza kujaa nyama nzuri. Mjomba wake alileta salamu kwamba likipona atakuja kumchukua, wanahamia mbali, kusini. Kisha asubuhi moja nikakuta bandeji ina damu. Kesho yake hivyo hivyo. Nikabadili asali, nikabadili majani, nikamlaumu nzi. Mwishowe nikamvizia, nikamkuta amekaa nyuma ya magunia, analichokonoa donda kwa mwiba, taratibu, meno ameyauma.

Nilimshika mkono. "Nalangu, kwa nini unajiumiza?"

"Nikipona nitaondoka," akasema. "Baba nitamwacha na nani hapa?"

Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha watu kusema kinyongo. Huyu alikuwa amekisema. Nilikaa naye chini pale, nikalia mimi. Yeye alinitazama.

Sikumfunga mikono. Nilimwosha kama kawaida, nikamwacha. Siku nyingine alichokonoa, siku nyingine alisahau, maana ni mtoto, na siku alizosahau zikazidi. Mwili haumngoji mwenyewe awe tayari. Donda likafunga.

Mjomba alipokuja, Nalangu alikwenda nyuma ya nyumba, kaburini, akakaa huko kitambo, hakuna aliyemwita. Kisha akatoka, akapita mbele yangu, akapita mbele ya Chibago aliyekuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, akaelekea barabarani. Alitembea vizuri kabisa, bila kuchechemea. Niliutazama mguu ule mpaka nikashindwa kuuona, na sikupata furaha yoyote.