Karatasi ya Dakika ya Mwisho

Sipendi muvi za mahakamani. Nikizikuta zikionyeshwa hotelini, nahama meza. Nimekuwa karani wa wakili hapa Kitale kwa miaka kumi na saba, nimebeba mafaili hadi Bungoma kwa mvua na kwa jua, na mpaka leo sijamwona hakimu akigonga meza kwa nyundo. Hakuna nyundo. Hakuna wale watu kumi na wawili wa kukaa kando wakitikisa vichwa. Bosi wangu, Wakili Munene, hazunguki mbele ya shahidi akimpumulia usoni. Anasimama mahali pake, anainama kidogo, na anasema asante mheshimiwa hata akinyimwa alichoomba. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kungoja, na hakuna mtu atakayeketi kuangalia muvi ya watu wanaongoja.

Wekoye hakujua kungoja. Hata kwenye benchi la ofisi yetu goti lake lilikuwa likirukaruka mpaka benchi lote linatetemeka. Alikuwa mtu wa Matulo, kule karibu na Webuye, lakini maisha yake yalikuwa Kitale, katika kibanda cha muvi nyuma ya soko. Alichukua muvi za ng'ambo, akazima maneno ya wenyewe na kutia sauti yake kwa Kiswahili, kisha watu wakaja na flashi zao kujaziwa. Yeye peke yake ndiye hakimu, mjane, jambazi na mbwa wa jambazi. Kazi yake aliijua. Alifuta kila kelele iliyoingia kwenye rekodi, pikipiki ikipita nje, hata kikohozi chake mwenyewe.

Muvi zilizompa jina ni za mawakili. Ila kwa ulimi wake wa Kibukusu, wakili alikuwa "wakiri", na mimi sikukosa kumtania.

"Wekoye, wakiri nini? Sisi si polisi."

"Madam Rahab, wewe cheka tu. Mambo ya koti mimi naijua. Nimetafsili kesi mingi kuliko huyo bosi wako."

Alikuwa anatania, lakini pia alikuwa anaamini.

Kesi iliyomleta kwetu ilikuwa ya dada yake, Agneta. Ndoa ilimshinda akarudi Matulo, na baba yao akamkatia kipande cha shamba. Akajenga nyumba ya vyumba viwili, akapanda ndizi na mboga. Baba alipofariki, Zachary, kaka yao wa mama mwingine, akapata hati ya shamba lote kwa jina lake, kisha akamshtaki Agneta atoke. Zachary alikuwa na hati. Agneta alikuwa na nyumba na neno la marehemu.

Siku ya kwanza walipokuja, Munene aliuliza swali analowauliza watu wote wa mashamba. "Kuna maandishi? Barua, kumbukumbu za mkutano, chochote mzee alichotia kidole?"

Agneta akamtazama kaka yake. Wekoye akasema, "Hakuna. Lakini mashahidi tuko."

"Fikirini vizuri. Karatasi yoyote lazima tuiwasilishe mapema, na upande wa pili wapewe nakala yao. Kortini hatuviziani. Mficha uchi hazai."

"Tumeskia, wakiri."

Nilimwona akishika koti lake upande wa ndani, kama mtu anayehakikisha simu yake ipo. Nilimwona pia akitabasamu. Ningeweza kumuuliza. Ilikuwa saa saba kasoro, nilikuwa na njaa, nikafunga faili.

Kisha tukangoja miezi kumi na tisa.

Mara ya kwanza kesi ilipoitwa Bungoma, Wekoye alifika na suti nyeusi ya kuazima na Agneta alivaa nguo yake ya kanisa. Hakimu alisoma namba, Munene akasimama, wakili wa Zachary akasimama, tarehe ikatolewa, wakaketi. Yote hayo hayakumaliza dakika mbili. Nikawaonyesha mlango.

"Imeisha?" Wekoye akauliza.

"Imetajwa."

"Ati imetajwa? Mimi nimefunga kibanda nikuje hapa nisikie kesi ikitajwa? Si angeitaja kwa simu, bana!"

Ikatajwa tena. Mara hakimu yuko likizo, mara wakili wa Zachary ni mgonjwa. Kila Jumatatu Wekoye alinipigia simu kuuliza kama siku imefika, na kila Jumatatu nilimjibu kwa ufupi zaidi. Jumatatu moja aliniambia hatapatikana wiki hiyo, anaenda Matulo kwa mazishi ya aliyekuwa naibu wa chifu. Nikampa pole, nikaendelea kupiga chapa.

Siku ya kusikizwa ilipofika, Zachary alitangulia. Akatoa hati yake, akaulizwa maswali, na wakili wake akafunga ushahidi wao. Agneta akafuata. Alieleza vizuri, bila kulia, jinsi mzee alivyopima kwa hatua zake mwenyewe kutoka kwenye mti wa mpaka hadi mfereji. Wakili wa Zachary akamuuliza swali moja tu: ana maandishi? Agneta akageuka kumtafuta kaka yake kwa macho.

"Ndugu yangu atasema," akajibu.

Nilimtazama Munene, naye alikuwa akitazama kalamu yake.

Wekoye akapanda kizimbani. Akaanza kwa ile sauti ya kibandani, nzito, ya mbio, na watu wa nyuma wakainua vichwa. Hakimu akainua mkono.

"Shahidi, polepole. Naandika. Tazama kalamu yangu. Ikisimama, endelea."

Hakimu wetu huandika kila neno kwa mkono. Hilo muvi haziwezi kulionyesha. Wekoye alisema maneno manne, akangoja. Manne mengine, akangoja. Hadithi aliyoifanyia mazoezi miezi yote hiyo ilitoka kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Jasho lilimtoka. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akatia mkono ndani ya koti na kuinua karatasi juu.

"Na hii je, mheshimiwa?"

Akageukia watu. Alikuwa anangoja ile "haa!" ya ukumbi mzima. Mtoto wa mtu akapiga chafya. Wakili wa Zachary akasimama bila haraka.

"Mheshimiwa, hatujawahi kuiona hiyo."

"Bwana Munene?" hakimu akauliza.

"Hata mimi, mheshimiwa, naiona leo." Mishipa ya shingo yake ilikuwa imemsimama.

Munene alipigana, simnyimi sifa yake. Aliomba muda, akaandika ombi, akalitetea. Wiki mbili baadaye hakimu akalikataa. Upande wa Zachary ulikuwa umekwisha kufunga. Haikuwa karatasi iliyopotea ikapatikana. Ilikuwa mfukoni mwa shahidi tangu siku ya kwanza, kama alivyokiri kwa kinywa chake mwenyewe. Na mtu aliyeiandika na kuitia muhuri, ambaye Zachary angekuwa na haki ya kumhoji, alikuwa kaburini: naibu wa chifu, yule ambaye Wekoye alimzika huku maandishi yake yamo kotini. Hukumu ilipokuja, Agneta alipewa siku tisini za kutoka.

Niliisoma ile karatasi siku ile ile alipoitoa, pale nje kwenye veranda ya korti. Kumbukumbu za mkutano ambapo mzee alimkatia Agneta shamba: wino wa bluu, tarehe, majina ya waliohudhuria, Zachary akiwemo, na kidole cha mzee chini. Ilikuwa karatasi nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Katika miaka yangu yote nimeona watu wakishinda kesi kwa karatasi dhaifu kuliko ile. Nilimkasirikia Wekoye, na nikaikasirikia ile njaa yangu ya saa saba kasoro.

"Nilikwambia," Agneta alimwambia. Hakupaza sauti. "Siku ile ya kwanza nilikwambia tumpee."

"Wangejua mapema wangejipanga," Wekoye akasema. "Kwa zile zote nimetafsili, Agneta, hakuna hata moja wanapeana mapema. Hakuna hata moja." Goti lake lilikuwa limetulia. Sikuwahi kuliona limetulia kabla ya hapo.

Agneta sasa anaishi Kitale, chumba cha nyuma cha kibanda cha kaka yake, pazia tu katikati. Alikuja na masufuria yake na mche mmoja wa mgomba ambao hana pa kuupanda. Nikimpitia sokoni tunasalimiana vizuri. Hanilaumu, na ningefarijika kama angenilaumu.

Wiki iliyopita niliingia hoteli moja karibu na soko, nikaagiza chai na chapati, na kwenye ukuta kulikuwa na muvi ya mahakama. Nilishika kikombe nihame. Ndipo nikaisikia sauti ya Wekoye. Alikuwa hakimu, akawa mjane, akawa wakili mwenye koti refu, na watu walikuwa wameacha kula. Wakili akasogea mbele. Akatia mkono kotini. Nilijua kinachokuja: hapo ndipo Wekoye huwa ananguruma mpaka spika inakwaruza.

Hakusema kitu. Bahasha ikainuliwa, ukumbi wa wazungu ukashtuka, muziki ukapanda, na Wekoye kimya. Katika ule ukimya nikasikia kifuniko cha sufuria, na sauti ya mwanamke nyuma ya pazia, ya uchovu, wala hakuwa anaisemea mashine.

"Si ungempea wakiri hiyo kalatasi."

Kisha ukimya tena, kisha muvi ikaendelea. Mtu anayefuta hata kikohozi hakuifuta.

Hoteli nzima ilipasuka kwa kicheko. "Huyo mathe ni noma!" kijana mmoja akasema, akigonga meza. "Boss, rudisha hapo!" Mwenye hoteli akarudisha nyuma. Agneta akasema tena, nao wakacheka tena.