Nafasi ya Kuitika

Nitaeleza polepole, na wewe usinikatize. Mimi si mtunga hadithi. Ni mpiga gitaa wa mjini, mtaa wa Kampemba, na jambo hili lilinikuta mchana, jua likiwaka, mbele ya wenzangu wawili.

Bendi yetu ni watu watatu: mimi, Mado wa gitaa la besi, na Trésor wa ngoma. Tunapiga nyimbo za mashambani kwa gitaa za umeme. Albamu yetu yote ilitungwa na Papa Kalenga, mzee wa Mitwaba ambaye hatukuwahi kumwona. Aliimba kwenye simu yake, akatutumia sauti. Sisi tukaongeza vyombo, tukamrudishia asikilize. Miezi ikapita hivyo, hadi sauti yake tukaizoea kama ya baba wa nyumbani.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kuwaita waliokufa. Kila akitaja jina, alinyamaza kidogo. Alikuwa ametueleza kwamba ukimwita mtu aliye mbali, lazima umpe nafasi ya kuitika. Tulisikiliza? Hapana. Kunyamaza kule kuliharibu mwendo wa ngoma, basi nikakata nafasi zote kwenye kompyuta, nikamtumia wimbo. Wiki nzima hakujibu.

Jumamosi, saa nane mchana, tukiwa mazoezini, mzee mmoja alisimama mlangoni. Viatu vyake havikuwa na vumbi hata kidogo. Kutoka Mitwaba, njia ndefu ya vumbi, kiangazi kile?

"Jambo, bana yangu," alisema, kama anayewasalimu wanawe, nasi sote tukaitambua sauti.

Mado akapiga makofi. "Papa Kalenga! Kumbe uko mufupi hivi? Kwa simu uko munene!"

Mzee alicheka, kisha akanigeukia. "Mutoto yangu, juu ya nini ulikata fasi ya kuitika? Bale bantu batajibu wapi?"

"Papa, ni juu ya métronome..."

"Métronome yako iko na bankambo?"

Tulicheka, maana kweli mashine ya kuhesabia mapigo haina mababu. Alikataa kiti, akakataa maji.

"Naimba mara moja tu. Munifuate."

Niliwasha mashine ya kurekodi. Akaimba amesimama. Alipotaja jina na kunyamaza, tulinyamaza naye. Jina la mwisho lilikuwa Kalenga, lake mwenyewe. Hapo alinyamaza muda mrefu, akinitazama. Nilitaka kuitika, lakini nikainamia nyuzi. Nilipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Jioni binti yake alipiga simu. Papa alizikwa Alhamisi. Katika ugonjwa wake aliuliza neno moja tu, kila siku: "Bamerudisha ile fasi?"

Tukafungua tulichorekodi. Niamini, sauti yake haimo. Zimo gitaa na ngoma, nasi tunanyamaza pamoja, mara saba, bila mtu wa kutuhesabia. Albamu ilitoka hivyo, wimbo wa mwisho hauna mwimbaji. Hadi leo Trésor hagusi métronome. Mimi, mtu akiniita jina, naitika kabla hajamaliza.

Nawe unayefanya kazi na mtu wa mbali, usiogope kumwuliza. Hakuna swali la kijinga. Kabla hujakata kitu chake, uliza kina kazi gani, na umuulize angali hai. Akija mwenyewe kukueleza, utaelewa vizuri sana, lakini hutapata pa kumwomba radhi.